Maduka makubwa ya bei chee: tupeane uzoefu

Binti Kikwajuni: Leo nimepiga nguo kwa pasi niliyonunua duka la Game, Mlimani City, enzi zile ukishuka boti Dar shemeji lazima akakutembeze kule. Pasi nzima mpaka leo, duka limefungwa 2022. Nimekumbuka mengi, na mabaya ndiyo mengi. Leteni yenu, ya hapa au ya ng'ambo.

Mwana Mtambile: Game ya Wasauzi, na hao Wasauzi tokea 2011 wakubwa wao ni Walmart wa Marekani. Umepigishwa pasi na ukoo wa Sam Walton, aliyeianzisha Walmart, bila kujijua.

Binti Kikwajuni: Nguo si zimenyooka?

Mama Wawili: Yangu ya hapa hapa mjini, duka silitaji. Usiku wa kuamkia sikukuu, nimemvua mwanangu kiatu kimoja cha zamani nikakitia mkobani kiwe kipimo, yeye nikamwacha nyumbani. Duka limejaa, bei zimebandikwa kila kitu, hakuna kubembelezana. Nikapata jozi ya mwisho, namba 27. Nimebakisha watu watatu nifike kwa mwenye kupokea pesa, umeme ukakatika. Sie wa Unguja tuliokaa giza miezi mitatu 2009 hadi 2010 hilo halitutishi. Kilichonitisha ni mlinzi kushusha geti la chuma. "Hatoki mtu, mikoba yote ifunguliwe!" Joto, watoto wanalia, harufu ya udi na jasho. Zamu yangu ikafika, akamulika kwa simu. Nusu boflo. Sambusa mbili kwenye karatasi. Na kiatu kimoja. Akakinyanyua juu kama kanasa samaki: "Na mwenzake yuko wapi?" Soli imelika, kamba imeshonwa kwa uzi mweusi, nani aibe kile? Watu wakacheka. Nyuma yangu kasimama mke wa ustadhi anayemsomesha mwanangu, na yeye kacheka. Nikaacha ile jozi juu ya meza nikatoka mara geti lilipopandishwa. Nikavinunua viatu sokoni Darajani, kwa mwanga wa tochi.

Hamali Mstaafu: Pole dada. Ungemwonesha risiti.

Mama Wawili: Risiti ya kiatu cha mwaka juzi?

Mtoto wa Wete: Mama yangu alinitembelea Marekani. Tumemaliza kununua, mlangoni kuna mzee wa miaka sabini hivi, kakaa kwenye kiti kirefu, kanyoosha mkono anataka kuangalia risiti. Bimkubwa akafungua fundo la kanga, akamtia dola moja kiganjani. "Pokea baba, uniombee dua." Mzee akairudisha. Mama akaisukuma tena. Foleni nyuma yetu imesimama, mie natafuta pa kujificha. Garini kanuna mpaka nyumbani: maskini wa huku wana kiburi.

Binti Kikwajuni: 😂😂 Bimkubwa yupo? Nampenda bila kumjua.

Mwana Mtambile: Mnacheka, mzee wa umri huo alitakiwa awe barazani anacheza bao. Bei chee hiyo kuna mtu anailipia.

Mtoto wa Wete: Ndiyo maneno wanayosemwa wenye maduka hayo huko kila siku, mishahara midogo. Na wanaowasema nnakutana nao humo humo wanasukuma toroli.

Hamali Mstaafu: Nani anamkumbuka Kmart, duka la Marekani? Binamu yangu alikuwa Michigan. Anasema wakiwasha taa ya buluu na kutangaza, bidhaa ile ilikuwa inashuka bei kwa dakika chache, watu mbio. Mnada wa Darajani tu, wao wametia taa. Kmart, Walmart na Target walianza mwaka mmoja, 1962. Mwaka 2002 Kmart akaomba mahakama imkinge na wadai.

Mwana Mtambile: Darajani usinitajie. Kule bei inatoka usoni mwako, wakisikia lafudhi ya Pemba wanaongeza.

Binti Kikwajuni: Hujui kupatana, useme.

Salama wa Mkoani: Mie ushauri: risiti usitupe mpaka ufike kwako.

Hamali Mstaafu: Risiti zinafutika kwa joto. Piga picha.

Salama wa Mkoani: Na begi la magurudumu la bei chee usinunue kabisa. Langu limeniachia gati la Mkoani, nguo za ndani mpaka miguuni kwa wachukuzi.

Mtoto wa Wete: Hiyo tusimulie!

Salama wa Mkoani: Ng'o.

Binti Kikwajuni: Mama Wawili, vile viatu vya Darajani vilidumu?

Mama Wawili: Soli iliachia sikukuu mosi, hatujafika Mnazi Mmoja. Alirudi na kile cha zamani.