Papa-pweza, nyoka-piranha au mtu-mbu: ipi nitazame?

PeziLaNyuma:
Wadau, salaam. Jumamosi nina nafasi ya muvi moja tu, na nimeshaamua iwe ya dubwana chotara la bei chee. Zimebaki tatu: Mansquito (2005) ya mtu-mbu, Sharktopus (2010) ya papa-pweza na Piranhaconda (2012) ya nyoka anakonda aliyechanganywa na samaki piranha. Trela zake zote zimenichekesha, ila kucheka dakika mbili si sawa na kuvumilia saa moja na nusu. Msiniambie "zote takataka", hilo nalijua. Nataka takataka yenye ladha.

MamaBisi:
Sharktopus, sipepesi macho. Mtayarishaji ni Roger Corman, mzee aliyetengeneza sinema za pesa kidogo tangu miaka ya 1950, na alijua mtazamaji amefuata nini. Jeshi la majini la Marekani limeagiza silaha hai, kifaa cha kuiongoza kinaharibika, basi, watu wanaanza kuliwa. Kuna binti anayejirusha juu ya maji na kamba ya mpira. Ngoja uone anavyorudi juu.

FundiMwanga:
Mimi kazi yangu ni kuhariri video, kwa hiyo macho yangu yana maradhi. Kinachomwumbua yule papa-pweza ni jua la ufukweni. Waigizaji wana vivuli, yeye kivuli chake cha kubahatisha. Anazama na maji hayashtuki. Maji ni kazi ngumu kuyatengeneza kwenye kompyuta, na mwenye bajeti ndogo angepiga picha usiku, au angemficha mnyama wake.

Jaws ya 1975 haikuwa ya bei chee, lakini papa wake wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, mwongozaji Spielberg akabaki kutuonyesha mapipa ya njano na pezi. Papa mwenyewe tunamwona vizuri baada ya zaidi ya saa nzima, na roho imeshatutoka. Hawa wa siku hizi kompyuta imewanyima bahati hiyo. Dubwana lao haliharibiki, basi wanalianika tu kama nguo.

Kiunzi:
Mnaongelea picha, mimi nalia na hadithi. Ukichanganya wanyama wawili, kila mmoja alete kitu chake. Pweza ana mioyo mitatu, hujibadili rangi akafanana na mwamba, hana mfupa hata mmoja na hujipenyeza kwenye tundu ambalo hungedhani lingeingiza hata mkono. Fikirieni papa mwenye vipaji hivyo yuko kwenye bomba la maji! Wao wamechukua minyiri peke yake, wakaifanya miguu ya kutembelea mchangani, kisha wakamwongezea mngurumo, ambao papa hana na pweza hana. Huyo si chotara, ni papa aliyevaa sketi.

Piranhaconda nayo hadithi nzima inasukumwa na yai. Mwanasayansi, Michael Madsen, ameliiba na mama mtu analitafuta. Jamani, anakonda hatagi! Huzaa watoto wazima.

MamaBisi:
@Kiunzi piranha anataga. Yai limetoka upande wa samaki 😂

Kiunzi:
Nakubali kwa shingo upande. Lakini yai la piranha ni punje, lile la kwenye muvi linabebwa kwa mikono miwili.

MbuJike:
Nyote mmeiruka Mansquito, na ndiyo pekee ambayo dubwana lake ni mtu aliyevaa vazi la mpira. Linashika mlango, mlango unasogea. Linamkaba mtu, shingo inabonyea kweli. Vazi ni baya, sikatai, ila lipo chumbani pamoja na waigizaji. Halafu yule mwanasayansi wa kike naye anageuka mbu polepole, na hapo ndipo penye uhai. Wameiga mwendo wa The Fly ya 1986, ya mtu anayegeuka nzi, iliyopata Oscar ya vipodozi, bila pesa wala subira yake. Mnyama kamili anatoka mapema mno, kilichobaki ni polisi na risasi.

Dosari inayoniuma, kama jina langu linavyoonyesha: mbu wanaonyonya damu ni majike tu. Dume hunywa maji matamu ya maua. Yule mfungwa aliyegeuka mbu alipaswa kuvamia bustani.

StelingiMstaafu:
Hakuna aliyetaja macho. Dubwana la kompyuta huwekwa baadaye, kwa hiyo siku ya kupiga picha watu wanakimbia hewa. Huyu anatazama juu, mwenzake kushoto, mnyama anakuja kutokea kulia. Piranhaconda imejaa hayo.

Pia mimi sipendi muvi inayojikonyeza. Ndani ya Piranhaconda kuna watu wanaotengeneza sinema ya kutisha ya bei chee, eti tuelewe kwamba wanajua ni mbovu. Mtu akisimulia kichekesho huku anacheka mwenyewe, mimi hucheka nini?

MamaBisi:
Basi usiguse zilizofuata za papa-pweza. 2014 alipigana na mchanganyiko wa barakuda na mjusi arukaye wa kale, 2015 na wa nyangumi na mbwa mwitu.

PeziLaNyuma:
Nyangumi na mbwa mwitu?? Huyo anaishi wapi?

Haya, MbuJike umenishika na ule mlango unaosogea. Jumamosi ni Mansquito.

Kiunzi:
Hesabu maua.