Mnaoiponda Artemis kisa Kenya mnanikera sana, njooni hapa tuelewane

Wakuu nimevumilia nimeshindwa. Kila mkianza kujadili riwaya za Andy Weir ni yaleyale, The Martian kali, Project Hail Mary kali zaidi, ikifika zamu ya Artemis watu wanaanza kucheka, na wanachocheka sio stori, wanacheka Kenya. Eti Kenya ipeleke watu mwezini, eti mwandishi alikosa nchi ya kuweka. Na wanaosema hivyo ni sisi wenyewe, watu wa Nairobi, Mombasa, Dar, mtu anaandika kwa Kiswahili kabisa kwamba hapo kitabu kimepoteza uhalisia. Inauma aisee.

Kwa ambao hawajaisoma, ilitoka 2017, inahusu mji wa watu kama 2,000 hivi mwezini, na wenye mji ni shirika la anga la Kenya, KSC (Kenya Space Corporation). Anayeusimamia ni mama anaitwa Fidelis Ngugi, zamani alikuwa waziri wa fedha Kenya, huyu mama alikaa akapiga hesabu akaona nchi yake ina kitu kimoja ambacho makampuni ya anga lazima yakitake, ikweta, basi akalegeza kodi na masharti, wakaja. Hata hela wanayotumia kule mwezini inatoka KSC, thamani yake ni gharama ya kusafirisha gramu moja ya mzigo toka duniani. Kwangu hii ndo idea kali kuliko zote kwenye kile kitabu na nyie mnairuka kama haipo!

Sasa twende kwenye hiyo sayansi mnayojifanya mnaipigania. Dunia pale ikweta inazunguka kwa kasi ya kama kilomita 1,670 kwa saa, kwa hiyo roketi inayoelekea mashariki inakuwa na hiyo kasi tayari kabla haijachoma tone la mafuta. Cape Canaveral kule Marekani wanapata kama 1,470, Baikonur kule Kazakhstan, wanakorushia Warusi, ni kama 1,160 tu. Wafaransa wanarushia Kourou, Amerika Kusini, nyuzi 5 tu toka ikweta, mnadhani ni kwa nini? Na pwani ya Kenya mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu, vipande vya roketi vikianguka vinaangukia majini, sio juu ya bati la mtu.

Halafu hili ndo linaloniumiza zaidi, Malindi ILISHARUSHA. Waitaliano walikuwa na majukwaa yao ya San Marco pale baharini, wakaanza kurusha setelaiti 1967 wakaenda nazo hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaruka pale setelaiti ya Wamarekani ikapewa jina Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa maalum kwa kupima eksirei zinazotoka angani, na vipimo vyake vilichangia wanasayansi kuanza kuamini kwamba Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei huko angani, ni shimo jeusi (black hole). Iliruka kutoka Kenya hiyohiyo mnayoicheka, miaka zaidi ya 50 iliyopita, halafu mtu ananiambia ya Ngugi haiwezekani.

Na hiyo The Martian yenu inaanzaje? Na dhoruba inayotaka kuangusha chombo kule Mars. Presha ya hewa ya Mars haifiki hata asilimia 1 ya ile tunayoishi nayo huku, upepo wa vile hauna nguvu hiyo, na Weir mwenyewe alishakiri alilijua hilo akaliweka tu stori ipate kuanza. Hilo mmelisamehe. Artemis ambako amehesabu mpaka hewa ya mji, oksijeni tupu kwa presha ndogo, maji yanachemka kwenye nyuzi 61 kwa hiyo hata kahawa haitoki vizuri, hiyo ndo mnaiita uongo.

Mnataka cha kulalamikia? Kipo. Jazz, yule binti mhusika mkuu wa Artemis, anachosha, utani wake wa kitoto, sawa, nakubali. Ila kubwa ni Kelvin Otieno. Huyu ni rafiki wa barua wa Jazz tangu wako watoto, yuko Kenya, anafanya kazi KSC kwenye mizigo, yeye ndo anayempakilia Jazz magendo yake, bila yeye Jazz hana biashara, na bado tunampata kwenye barua fupifupi tu kati ya sura na sura. Hakuna hata ukurasa mmoja ambao tunasimama pale Kenya roketi ikiondoka, tukasikia ardhi inatetemeka, tukaona watu wa pale wanaishije na hicho kituo. Nchi yenye mji mzima mwezini na mwandishi hakuipa hata onyesho moja! Hapo ndo angepigwa maswali.

Kwa hiyo wewe uliyeandika "Kenya na roketi wapi na wapi" njoo hapa, na usije na mambo ya siasa wala ufisadi. Nipe fizikia, nini kinazuia roketi kuruka Malindi?