Video za Python (lugha ya kuandikia programu) naelewa zote, nikifungua ukurasa mtupu niandike mwenyewe nakwama. Niendelee au niache?

dukani_ifakara

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni. Naomba msaada maana nimefika mahali sijielewi.

Nina duka la rejareja hapa Ifakara, unga, mchele, sabuni, mafuta ya kupima. Shule niliishia kidato cha nne. Ni mwezi wa nne sasa najifunza programingi mtandaoni, usiku nikishafunga duka na watoto wakishalala. Nilianza na darasa moja la WhatsApp, nikalipa elfu 30, mwalimu akatuma PDF wiki mbili halafu kimya, simu hapokei. Simtaji, yamepita hayo. Ndo nikahamia YouTube, nikaangalia Python, kuna video moja ina masaa zaidi ya manne nimeimaliza yote na bando langu limeishia humo.

Sasa shida yangu ni hii, nikiwa naangalia naelewa kabisa, mtu anaandika naona aah mbona rahisi, ila nikifungua ukurasa mtupu niandike mimi sijui hata nianze na neno gani. Naweza kukaa nusu saa naangalia skrini.

Ninachotaka sio kuwa mtaalamu. Nataka programu ya madeni ya duka. Wateja wangu wengi wanalima mpunga, wanakopa wanalipa wakivuna, na daftari limelowa na mvua kurasa zimechomoka, mwaka jana kuna madeni nimeyapoteza kabisa kwa sababu hiyo. Jana nikasema potelea mbali ngoja nijaribu, nikaandika hivi kwenye simu (natumia Pydroid, laptopu ya mtumba ninayo ina Windows 7 lakini Python inagoma kuingia):

deni = input("Deni la zamani: ")
jipya = input("Amekopa leo: ")
print(deni + jipya)

Nikaweka 5000 na 2000 ikaniletea 50002000. Nimefuta nimeandika upya mara tatu, jibu ni hilo hilo. Na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Je nirudi kwenye video mpaka nielewe vizuri zaidi, au hii kitu sio ya watu kama mimi?

fundi_usiku

Marhaba dada. Kwanza hongera, na sisemi kukufurahisha, hiyo mistari mitatu uliyoandika ina thamani kuliko ile video ya masaa manne.

Kosa lako ni dogo na kila mtu amelipitia. Hiyo input inachukua ulichoandika kama maandishi, hata ukiandika namba yenyewe inaona ni maandishi tu, sawa na jina la mtu. Na alama ya kujumlisha kwenye maandishi kazi yake ni kuunganisha. Yaani umechukua karatasi moja imeandikwa 5000 na nyingine imeandikwa 2000 ukazibandika pembeni kwa pembeni, ukisoma unapata 50002000. Python haijakosea, imefanya ulichoiambia. Iambie ni namba:

deni = int(input("Deni la zamani: "))
jipya = int(input("Amekopa leo: "))
print(deni + jipya)

Usikopi hapa. Andika kwa mkono wako, kila mabano.

Sasa hilo la kurudi kwenye video, hapana, tafadhali usirudi. Nilipoteza mwaka mzima hivyo hivyo, naangalia moja nikimaliza natafuta nyingine, nikajiona najua. Unapoangalia mtu anaandika kazi ngumu yote ameshaifanya yeye, ameshaamua kianze nini kifuate nini, wewe unafuata tu nyuma ndo maana unaona rahisi. Kuamua kianze nini ndo programingi yenyewe, na hiyo haionekani kwenye video. Kama lazima uangalie, angalia dakika 10, zima, andika alichoandika bila kuchungulia. Utakwama. Ukikwama chungulia mstari mmoja tu, zima tena. Halafu kibadilishe kiwe cha dukani kwako, yeye kaandika mambo ya wanafunzi na alama wewe andika wateja na madeni.

Na ule ukurasa mtupu usianze na Python. Chukua karatasi andika kwa Kiswahili unavyofanya dukani mtu akija kukopa. Namuuliza jina. Naangalia deni lake la zamani. Naongeza la leo. Naandika jumla. Hapo umeshamaliza nusu ya kazi, kilichobaki ni kugeuza mstari mmoja mmoja.

kibo_linux

Kuhusu hiyo laptopu, haina ubovu. Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7, ndo maana inagoma. Nenda python.org kwenye matoleo ya zamani shusha ya 3.8, hiyo itaingia. Ukweli ni kwamba 3.8 iliacha kupewa marekebisho ya usalama 2024 lakini kwa kujifunzia haina neno, karibu yote utakayojifunza miezi hii yamo. Ikiingia inakuja na IDLE, pa kuandikia na kuendeshea palepale bila intaneti. Baadaye ukipata mtu wa kukusaidia weka Linux nyepesi (mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows), mashine itapumua.

Wakati unasubiri baki na Pydroid, nayo inafanya kazi bila bando. Tafuta waya wa OTG uchomeke kiibodi ya kawaida kwenye simu, kuandika mabano na nukta mbili kwa kidole gumba kunachosha mpaka mtu anaichukia kazi yenyewe.

Kuhusu kozi, kama unataka yenye mpangilio kuna CS50 ya chuo cha Harvard, anafundisha David Malan, bure. Ila hapa watu wengi wanaelekezwa vibaya. Ile CS50 kubwa inaanza na Scratch, lugha ya wanaoanza ya kupanga vipande kwenye skrini, vizuri tu, wiki inayofuata unaingia lugha ya C na wengi wanadondokea hapo, Python yenyewe inakuja wiki ya 6. Wewe chukua ile dada yake, CS50P, ni Python mwanzo mwisho. Na kozi pale ni mazoezi ya kila wiki, mhadhara ni maelezo tu, kuna kifaa chao kinakagua kazi yako kinakwambia hapa umekosea. Video weka 144p, anaongea tu hautakosa kitu. Cheti chao wenyewe ni bure ukimaliza mazoezi, kile cha edX (tovuti ya kozi) ndo cha kulipia, na mtu akikuomba hela eti akuunganishe na CS50 mkimbie.

wa_eldoret

Habari zenu, mimi niko Kenya na nitapinga kidogo. Kwa nini mnampeleka Python moja kwa moja? Mimi nilianza na HTML na JavaScript, lugha za kutengeneza kurasa za mtandao, pale tovuti ya freeCodeCamp, pia ni bure kabisa, unaandika upande mmoja unaona upande wa pili rangi imebadilika, kitufe kimetokea. Hiyo kuona kitu mbele yako ndio ilinifanya nisiache. Python unaandika siku nzima unaona maandishi meupe kwenye giza. Na daftari ya madeni mwisho wa siku utataka ifunguke kwa simu, na hapo JavaScript itakusaidia.

fundi_usiku

@wa_eldoret hoja yako naiheshimu na angekuwa anaanza leo ningekaa nijadiliane na wewe. Lakini huyu dada ana miezi minne kwenye Python na tayari ana programu inayokaribia kufanya kazi. Ukimhamisha sasa anaanza upya na mistari mipya na makosa mapya, na baada ya miezi minne mingine atatokea wa kumwambia Java. Nimeona watu wana lugha tano na hawana hata programu moja. Amalize daftari lake kwanza, JavaScript haiendi popote.

wa_eldoret

Hapo kwa kumaliza kwanza nakubali. Dada, shikilia hiyo hiyo.

mwl_hesabu

Mimi nataka kugusia hilo la Kiingereza maana naona limepitwa. Nafundisha hesabu sekondari na nina kakundi ka wanafunzi jioni tunajifunza Python, hofu yao kubwa ni hiyo hiyo.

Mdogo wangu, maneno ambayo Python inayalazimisha ni 35 tu. Thelathini na tano, na ya kila siku hayafiki hata 15: if, else, for, while, def, return, na wenzake. Juu ya hapo kuna yale ya kazi kama print na input, nayo ya kila siku unayahesabu kwenye vidole. Yaliyobaki yote ni majina unayoyatunga wewe, na umeshafanya hivyo bila kujua, umeandika deni, umeandika jipya, Python haijalalamika. Andika mteja, jumla, tarehe_ya_kulipa, andika Kiswahili chako.

Kinachohitaji Kiingereza ni kusoma ujumbe wa kosa, na hapo ndipo wanafunzi wangu wanapokimbia, wakiona maandishi mekundu wanafuta kila kitu wanaanza upya, kama wewe ulivyofuta mara tatu. Usifute. Anza na mstari wa mwisho kabisa, ndo unasema kosa ni la aina gani, halafu panda juu kidogo utaona namba ya mstari wenye shida. Weka daftari dogo, kila kosa jipya andika, tafsiri kwa maneno yako, andika ulilitatuaje. Wanafunzi wangu wakifikisha makosa 20 hivi kwenye daftari hawaniiti tena mara kwa mara, kwa sababu yanajirudia yale yale.

dukani_ifakara

Asanteni sana jamani, nimekaa kimya siku tatu nilikuwa nafanya.

Kwanza imetoa 7000. Nilimwita mume wangu aje aone, saa 5 usiku.

Halafu jana nikaweka deni kama ninavyoandika kwenye daftari, 5,000 na koma yake, ikalipuka mekundu. Nikataka kufuta nikamkumbuka mwalimu. Mstari wa mwisho ulisema hivi:

ValueError: invalid literal for int() with base 10: '5,000'

Sikuelewa maneno yote lakini hiyo '5,000' mwishoni nikaiona, nikajua inalalamikia nilichoandika mimi. Nikaweka 5000 bila koma ikakubali. Kumbe ni koma! Ila mdogo wangu anayenisaidia dukani lazima ataandika koma tu, namjua, nikatafuta namna ya kuitoa nikapata hii:

deni = int(input("Deni la zamani: ").replace(",", ""))

Inafanya kazi. Nimeandika kosa namba 1 kwenye daftari.

Na 3.8 imeingia kwenye laptopu @kibo_linux, ubarikiwe. Sasa naomba kuuliza, nina wateja kama 40 wa mkopo, nitamwekaje kila mtu na deni lake? Nikitunga deni1 deni2 mpaka deni40 naona sio yenyewe.

fundi_usiku

Sio yenyewe kweli, na umeliona mwenyewe kabla hujaambiwa. Unachotafuta ni dikshenari, inashika jina na thamani yake pamoja:

madeni = {"mama maandazi": 7000, "mzee wa bodaboda": 12000}
print(madeni["mama maandazi"])

Cheza na hiyo kwanza. Ongeza mteja mpya, punguza deni la aliyelipa, uliza jina la mtu ambaye hayumo uone itakwambia kosa gani. Ukizima programu itasahau kila mtu, usishtuke, hapo ndo tutaingia kwenye kuhifadhi kwenye faili.

dukani_ifakara

Nimeuliza asiyekuwemo, imesema KeyError. Kosa namba 2 hilo. Leo nafunga saa 2, naweka wateja wote 40.