Bibi hahami

*Kikundi: UKOO WETU (matangazo ya biashara marufuku)*

Mjomba: Mama, shikamoo. Umeziona picha za ile nyumba? Ina ua wake, nyasi tupu. Hutavuka tena barabara kwenda kukaa bustanini.

Bibi: Marahaba mwanangu. Nimeziona. Huo ua nikae na nani?

Mjomba: Na sisi, Mama 😀

Bibi: Nyie si mnarudi usiku.

Dada: Mjomba kala chenga mapema 🙈

Mjomba: Nisikilizeni basi. Dirisha la chumba cha Mama linatazama miti. Kuna mtafiti Mmarekani, Roger Ulrich, mwaka 1984 alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo. Waliokuwa na dirisha la kuona miti walitoka hospitalini mapema kuliko waliotazamana na ukuta wa matofali, na dawa kali za maumivu walitumia kidogo. Situngi.

Shangazi: Ni kweli, chuoni tuliusoma. Lakini kaka, wale walikuwa wamelazwa. Mama anatembea.

Bibi: Mwambie.

Bibi: Na dirisha halinisalimii. Pale bustanini kuna mzee wa mkongojo wenye mpira mwekundu chini. Mwaka wa tatu huu, majina hatujaulizana. Akiwahi kufika ananishikia nafasi kwa gazeti, upande ule ambao ubao wa benchi haujalegea. Juzi kati kapotea siku mbili, yule binti anayekimbia mizunguko akaja kuniuliza mimi! Kumbe mafua tu.

Dada: Bibi ana mchumba 😂😂

Bibi: Shika adabu yako. Hana hata meno.

Mjomba: 😂 Haya, nikikujengea kibanda cha bati pale uani, upate kivuli chako mwenyewe?

Mimi: Mjomba, bati likishika jua linamrudishia joto kichwani. Mti unazuia jua, na majani yanatoa mvuke wa maji, ndiyo maana chini yake panapoa. Na ukipanda leo, kivuli cha maana ukingoje miaka.

Mjomba: Nawe umeajiriwa na nani?

Mimi: Na goti langu. Kovu la ule mzizi ulioinua njia ya bustanini ninalo mpaka leo.

Dada: Nani humu alijifunza baiskeli asianguke pale? Mwanangu kaanguka Jumamosi. Kainuliwa na watu wanne, hakuna anayemjua.

Shangazi: *[picha]*

Shangazi: Huyo mwenye bandeji kwenye kidevu ni nani jamani 😂

Mjomba: Futa hiyo.

Dada: Nimeshaihifadhi.

Bibi: Alilia huyo! Siku ya pili asubuhi kakamata baiskeli, anataka kurudi palepale.

*Mjomba anaandika…*

Mjomba: Mama, benchi lenyewe ni lipi, lenye ubao uliolegea?

Bibi: La pili ukitokea getini. Njoo na bisibisi, nyundo iache. Ni skrubu.