Nimemaliza riwaya, nitoe hela ichapwe au niendelee kusubiri?

Dereva wa Afrikana:
Wakuu habari za saa hizi. Naomba mawazo ila msinichambe sana. Mimi ni dereva boda, kijiwe changu kipo Mbezi Afrikana, na kwa miaka 2 nimekuwa naandika riwaya kwenye simu usiku nikishapaki, sasa nimefika mwisho, ina maneno kama elfu 60 hivi. Inamhusu kijana tajiri anaitwa Brayan ambaye begi lake linabaki kwa dereva boda, kuanzia sura ya 3 ndo mambo yanaanza kunoga.

Nimewatumia wachapishaji watatu tangu mwaka jana, wawili kimya mpaka leo, wa tatu kanijibu siku ileile eti kazi ni nzuri mno ila nichangie milioni 1.8 ya uhariri na uchapaji wanitolee nakala 300. Hiyo hela ninayo, ni akiba ya kubadilisha pikipiki. Wife kasema nikiigusa nihamie hukohuko kwa wachapishaji. Sasa nyie mliotangulia, nitoe? Na uandishi unalipa kweli au tunadanganyana? Naweka mwanzo wake muone kama kuna kitu:

"Ilikuwa asubuhi tulivu yenye kupendeza, jua lilichomoza kwa madaha huku ndege wakiimba nyimbo nzuri za kumsifu Muumba wao. Katika jumba moja la kifahari lililopo Mbezi Beach, kijana mtanashati aitwaye Brayan aliamka kutoka usingizini na kupiga miayo mirefu."

Nimekaa Pale:
Ngoja wajuzi waje. Ila shemeji ana akili, msikilize.

Mama Nakala:
Mdogo wangu usitoe hata mia. Mchapishaji wa kweli hela inatoka kwake kuja kwako, mnasaini mkataba unalipwa mrabaha, mara nyingi ni asilimia 10 ya mauzo, ni kidogo lakini ni yako. Ukiona wewe ndo unaombwa pesa ujue mteja ni wewe, kitabu kiuzwe kisiuzwe mwenzio kashakula.

Mimi nilichapa mwenyewe 2019, nakala 500, zikaniondokea milioni 2 na ushee, nikajua nikizipeleka madukani tu zinaisha. Mwenye duka anachukua 10 kwa mali kauli, anataka akate asilimia 35 au 40, halafu ukirudi baada ya miezi mitatu unaambiwa dada zimetoka mbili, hebu pitia mwisho wa mwezi. Nauli ya kufuata hela ya nakala mbili ilizidi hela yenyewe! Mpaka leo nina maboksi chini ya kitanda na panya wameanzia kwenye jalada, nadhani wanapenda ile gundi. Zilizotoka vizuri ni zile nilizobeba mwenyewe kwenye pochi, kikoba, mahafali, sendoff, nilikuwa sioni aibu, mtu akinisalimia tu nachomoa kitabu.

Kama roho yako haitulii mpaka ukishike mkononi, piga nakala 50 kwa mashine ya dijitali, kimoja kimoja kitakuwa ghali kidogo ila hutalalia makaratasi. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, usimpe mtu hela akutafutie, nenda mwenyewe Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi. Na hakimiliki unayo tangu ulipoandika, COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, unasajili ili siku ukiibiwa uwe na cha kuonyesha.

Simulizi za Saa Tatu:
Mimi sijawahi kuchapa hata ukurasa mmoja na nakula kwa kuandika, sio kila siku lakini nakula. Naposti Facebook sehemu ya 1 mpaka ya 15 bure, nakata palepale mlango unapogongwa, anayetaka kujua nani kagonga anatuma buku namuingiza grupu la WhatsApp. Mwezi mzuri napata laki 2 na nusu, mwezi mbaya napata hela ya bando. Wezi wapo wengi tu, mmoja analipia halafu anagawia watu 200, ndo maana PDF sitoi kabisa, narusha kipande kwa kipande kila saa 3 usiku na wezi wengi ni wavivu, wakifika sehemu ya 30 wanachoka kukopi.

Ila faida kubwa sio hiyo buku. Ni kwamba ukiharibu unaambiwa hapohapo. Kuna mhusika nilimzika sehemu ya 22 nikajisahau nikamleta harusini sehemu ya 40, nilitukanwa na watu hata siwajui, mpaka mama mkwe alinipigia, kumbe naye yumo kwenye grupu kwa namba ya mdogo wake mke wangu.

Kalamu Nyekundu:
Wote mnaongelea hela, kuna aliyesoma hicho kipande kweli? Mimi nahariri miswada mwaka wa 11 huu. Nikuambie ukweli mkuu na usinichukie, hao wawili waliokaa kimya huenda waliishia kwenye miayo ya Brayan. Miswada inayoanza na jua kuchomoza na mtu kuamka ni mingi mno, mhariri akiona ndege wanaimba anajua aliyeandika bado hajaanza, anapasha injini.

Halafu huyo Brayan umemtoa wapi? Mimi nimekaa Mbezi miaka 8, asubuhi nasikia jenereta la jirani na muuza samaki, hao ndege wa kumsifu Muumba sijawahi kuwasikia. Wewe unalala saa 6 unaamka saa 11 kuwahi watu wa Posta, unajua abiria gani atakimbia bila kulipa kabla hajapanda, unajua trafiki gani anakaa wapi. Hayo yote umeyaacha ukaenda kutuandikia chumba cha tajiri ambacho umekiona kwenye king'amuzi. Na hadithi unayo tena nzuri, umesema mwenyewe begi linabaki kwa dereva boda, sasa kwa nini nisubiri sura ya 3? Kata mbili za mwanzo, dereva awe ndo anayesimulia, begi libaki kwake mstari wa kwanza. Brayan tutamjua kwa vitu vilivyomo ndani ya begi.

Kuhusu kulipa, uhariri wa kweli una gharama, sikatai na mimi watu wananilipa, ila anayekuambia kazi ni nzuri mno siku ileile maneno elfu 60 kayasoma saa ngapi?

Halafu mbona hakuna aliyetaja tuzo? Ile ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, inasimamiwa na TET (Taasisi ya Elimu Tanzania), imeanza kutolewa 2023, siku yake Aprili 13, riwaya imo, mshindi wa kwanza milioni 10 na serikali inagharamia kitabu kuchapwa. Kuna na Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili, ilianza 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, nayo imekuwa ikipokea miswada. Ila soma masharti kabla hujamfuata Simulizi huko Facebook, tuzo nyingi zinataka kitu ambacho hakijatoka popote, ukishakimwaga umekimwaga.

Simulizi za Saa Tatu:
Hapo kwenye masharti nimejifunza kitu, kuna yangu moja nimeshaiharibu tayari.

Mwalimu wa Eldoret:
Ndugu, huku kwetu Kenya pesa ya wachapishaji iko shuleni, kitabu kisipopita KICD, taasisi ya mitaala, soko lake ni dogo sana. Mimi riwaya yangu ilikataliwa mara nne. Nikaandika hadithi fupi moja tu, kurasa 9, ikaingia kwa diwani ya hadithi fupi za waandishi mbalimbali. Malipo yalikuwa ya mara moja, yaliisha kwa karo ya mtoto wiki hiyohiyo. Lakini nilipowaandikia tena, walinijibu kwa jina. Jaribu fupi kwanza, mhariri aliyechoka atasoma kurasa 9, hawezi akasoma 240.

Dereva wa Afrikana:
Asanteni wote. Kalamu Nyekundu umenichana mpaka nikazima simu kwanza. Hela siitoi, nimeshamwambia wife, kacheka tu hajasema kitu. Leo mchana kijiweni kulikuwa na mvua hakuna abiria, nimefuta sura mbili, imeniuma maana hiyo ya kwanza niliiandika miezi mitatu. Nimeanza hivi:

"Abiria alishuka Afrikana akanipa buku mbili, akasema chenji baki nayo. Nilishageuza pikipiki ndo nikaona begi lake bado limening'inia kwenye kioo, na yeye anakimbia, wala haangalii nyuma."

Kalamu Nyekundu:
Eeeh! Sasa tunaongea. Toa hiyo "wala haangalii nyuma", anakimbia inatosha.

Nimekaa Pale:
Begi lina nini mkuu?

Simulizi za Saa Tatu:
Tuma buku 😂

Nimekaa Pale:
Natuma kweli, weka namba.