Naomba ushauri: fidla kando ya ziwa, Kisumu

Hamjambo wenzangu. Dada yangu anaolewa Desemba, nje kwenye nyasi karibu na Dunga hapa Kisumu, na kazi ya muziki nimeachiwa mimi. Shemeji hataki dijei. Anataka fidla mbili, viola na selo (hizi mbili ni ala za nyuzi kama fidla, ila kubwa zaidi). Mama amekubali shingo upande, mradi ohangla, muziki wa Kijaluo, ipigwe baada ya chakula.

Shida yangu kubwa ni upepo. Jumamosi nilifika pale saa tisa alasiri, nikaweka karatasi mezani, kugeuka tu ziko kwenye matope. Je, vibanio vya nguo vinatosha kushika karatasi za noti, au mna mbinu nyingine? Kiongozi wa wapigaji naye kasema hawatoi ala juani: gundi inaachia na sauti inaharibika. Anataka hema, sakafu iliyo sawa na viti visivyo na mikono. Hilo la viti sikuwahi kuliwaza. Kumbe mkono wa kiti huzuia upinde!

Wageni ni 200. Ala nne bila spika zitasikika safu ya nyuma kweli? Nikiweka maikrofoni, si zitanasa upepo huo huo?

Bibi harusi ataingia na kipande cha muziki kiitwacho Kanoni, cha mtunzi Pachelbel, na njia yake ni hatua 40 hivi. Akifika mapema, wapigaji hukatia wapi? Na mvua ya jioni ikibisha hodi, nani huamua ala zifungwe, mimi au wao?