Serikali iweke pesa zetu kwenye AI au iachane nayo? Mimi nasema iweke, ila sio kwenye majengo

Mleta mada, Mombasa

Habarini wadau. Hii mada imenikaa kifuani tangu Machi 2025 serikali ya Kenya ilipozindua ule Mkakati wa Kitaifa wa AI wa 2025 mpaka 2030. Kuna waliosema poa, mambo yasonge, kuna waliosema hizo ni pesa za kuliwa tu, na mimi nimekaa katikati mpaka makalio yameuma. Basi leo naamua. Serikali iweke pesa, tena ya maana, ya kodi yetu. Ila isianze na mashine wala majengo, ianze na watu na lugha.

Kwa nini? Mimi natengeneza kompyuta hapa mjini, na mwaka juzi niliitwa shule moja ya msingi nikaangalie tableti za watoto, zile za mradi wa laptopu. Mnakumbuka ahadi ya 2013, kila mtoto wa darasa la kwanza na laptopu yake? Zikaja kugeuka tableti 2016, zikasambazwa zaidi ya milioni 1 kwa shule zaidi ya 20,000. Sasa pale mwalimu mkuu akatafuta funguo weee, akafungua mlango wa chuma, akafungua na kabati ndani, nikakuta tableti zimepangwa kama sahani za harusi, nyingine plastiki ya kioo haijabanduliwa, betri zimevimba mpaka kioo kimejiinua. Namuuliza mara ya mwisho zilitumika lini, akacheka tu. Kufika zilifika, hilo sikatai, lakini pesa ya kuzitunza haikuja nazo na fundi ndio mimi naitwa zikiwa zishakufa.

La pili ni mjomba wangu, mvuvi wa Kilifi. Siku moja nikamwandikia swali lake kwenye programu moja ya AI, vile vile alivyolisema: kusi likikaza nitege wapi. Kusi na kaskazi kwake ni pepo za msimu za baharini. Ikamjibu habari za kusini, eti aelekee kusini ya pwani! Tukajaribu kaskazi, ikatuletea dira. Mzee akanirudishia simu akasema huyu hajawahi kupanda ngalawa. Sasa nani atailipia hiyo kazi ya kukaa na wazee wa Kilifi, Lamu, Vanga, wakarekodiwa na yakaandikwa vizuri? Kampuni ya Marekani haioni faida yoyote kwa mjomba wangu. Hapo ndipo serikali inaingia.

Na pesa kisheria ipo. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inasema Mfuko wa Taifa wa Utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Pato letu la 2023 lilikuwa kama shilingi trilioni 15, piga hesabu mwenyewe, hizo ni bilioni 300. Haijawahi hata kukaribia. Mimi sidai bilioni 300, nasema tu tusiambiane pesa ya utafiti ni anasa wakati sisi wenyewe tuliiandika kwa sheria.

Leteni hoja.

Mwalimu wa JSS, Kwale

Kaka nimekusoma mpaka mwisho na kwa kabati umenichekesha, yetu iko vilevile ila sisi funguo ilipotea kabisa. Lakini nikwambie ukweli bila kukuvunjia heshima. Mimi ni interni, yaani mwalimu wa mkataba tu, hapa sekondari ya msingi (JSS). Mkataba unasema elfu 20 kwa mwezi, zikikatwa makato inabaki kama 17, nafundisha hisabati, sayansi na kompyuta juu, na kompyuta yenyewe nafundisha kwa kuchora ubaoni. Naam, kibodi nimeichora kwa chaki, watoto wanakuja mmoja mmoja wanabonyeza ubao. 2024 tuligoma tukarudi darasani. Halafu naambiwa kuna pesa ya AI? Aanze na mwalimu aliye darasani kwanza, huyo mjomba wako na kusi lake tutamfikia.

Fundi stima, Naivasha

Nyote wawili mnazunguka mbuyu. AI ni stima na mashine, period. Mwezi wa tano 2024 Microsoft na G42 ya Abu Dhabi walitangaza dola bilioni 1 kujenga data senta, jumba la mashine za kompyuta, la kutumia stima ya mvuke wa ardhini hapa Olkaria, waanze na megawati 100 halafu ipandishwe mpaka 1,000. Hizo ni pesa za watu, sio za kodi. Kazi ya serikali ni kupanua visima na laini za stima, basi, iwaachie wenye pesa watie pesa. Ukiwafunza vijana bila mashine za kufanyia kazi unawafunzia nani? Wataenda Uingereza na Kanada kama manesi wetu.

Na tena Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana walijitengenezea chatboti ya kueleza mswada kifungu kwa kifungu. Serikali ilitoa senti ngapi pale? Hakuna. Ikiingiza mkono itaharibu.

Mleta mada

Mkuu wa Naivasha, heshima yako, lakini hebu tukae kwa hizo megawati. Nchi nzima, saa ile ya jioni kila mtu amewasha taa na pasi, mwaka 2025 ilikuwa inavuta kama megawati 2,300. Mvuke wote tulionao haufiki megawati 1,000. Yaani data senta moja ikikamilika inataka zaidi ya mvuke wote tuliochimba tangu Olkaria ianze 1981! Sisemi ni mbaya, nauliza tu nani analipia hivyo visima vipya, maana ukisema kazi ya serikali ni visima na laini, hapo ushatia pesa ya kodi tayari, umeiita jina lingine tu. Basi tupewe kitu. Mkataba useme sehemu fulani ya hizo mashine ni ya vyuo vyetu, kwa bei ya bure au karibu na bure.

Kuna kijana wa chuo anakuja hapa dukani usiku, anafunza modeli ya Kigiriama kwa mashine ya bure ya Google. Ikiona hujagusa kitu kwa muda inakukata, kazi ya masaa inapotea, kwa hivyo anakaa na kidole kwenye maus mpaka saa tisa. Nikimuonea huruma namshikia zamu aende chooni. Huyu hahitaji jumba Konza. Konza, ule mji wa teknolojia wa serikali, tulianza 2013, ekari 5,000, na data senta iko pale ishajengwa. Anahitaji masaa ya mashine, na hilo ni jambo la kuandikiana barua tu.

Na hiyo chatboti ya mswada naipenda sana, ila ilikaa juu ya mashine ya OpenAI, wale Wamarekani wenye ChatGPT. Siku wakizima imezimika. Watu tunao, sikatai. Januari 2023 gazeti la Time lilieleza vile vijana wa Nairobi walikuwa wakisoma matusi na uchafu wa kila aina ili kuisafisha ChatGPT, kwa malipo chini ya dola 2 kwa saa. Kwa hivyo Kenya iko ndani ya AI kitambo, ila imeingia kwa mlango wa jikoni.

Mwalimu, wewe sina jibu zuri. Naona aibu hata kubishana na wewe.

Mdau kutoka Bagamoyo

Majirani salamu, samahani kwa kudandia. Huku kwetu kuna mfano ambao unamsaidia mleta mada nusu na nusu unamuumiza. Kuna programu ya simu inaitwa Nuru, unaielekezea jani la mhogo inakwambia kama lina ugonjwa wa batobato au wa michirizi kahawia, inaongea Kiswahili na haihitaji intaneti ukiwa shambani. Picha za mwanzo za majani zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, nje kidogo ya Bagamoyo, hapa hapa, hazikuzidi 3,000, na utafiti wake ulitoka 2017. Picha elfu mbili na kitu! Sio data senta. Kwa hivyo hapo mleta mada uko sawa, anayejua mhogo na mwenye kamera wanatosha kuanzia.

Sasa nusu ya pili. Kazi ile ilibebwa na chuo cha Penn State cha Marekani pamoja na IITA, kwa pesa za wafadhili. Majani yetu, batobato letu, lakini mwenye mradi ndiye anayeamua kesho tushughulike na zao gani. Sisi hata jina la AI lenyewe hatujakubaliana, huyu akili mnemba, huyu akili unde, huyu akili bandia, serikali ikitaka kuweka bajeti sijui itaiandika kwa jina gani hahaha.

Mwalimu wa JSS, Kwale

Huyu wa Bagamoyo ndiye amenigeuza kidogo. Kama ni picha elfu mbili, watoto wangu 54 wa gredi ya 8 wanazipiga kwa wiki mbili, mikorosho hapa imejaa magonjwa na hakuna anayekuja kuitazama. Hiyo ndiyo AI ya kufundisha shuleni, sio kibodi ya chaki. Lakini simu ya kupigia picha ni yangu, bando ni langu, na mshahara mshausikia. Hivyo mleta mada, kwenye hesabu yako ongeza mstari wa mwalimu, tena uweke juu, kabla ya masaa ya mashine.

Fundi stima, Naivasha

Mimi bado siamini pesa ikipita wizarani itafika kwenye huo mkorosho. Ila hoja ya kuwatoza data senta sehemu ya mashine naikubali, hiyo ingeandikwa kabla kisima hakijachimbwa. Baada ya hapo hawatakusikiliza.

Mleta mada

Mwalimu, mstari wako nimeuweka namba moja, masaa ya mashine yameshuka mbili, kurekodi lugha tatu. Mjomba atanuna lakini atazoea. Kusi likitulia napanda Kilifi na simu nianze naye mwenyewe, bando juu yangu, risiti naziweka.